Uko Wapi, Bwana Faki?

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe ya kustaafu mkanipa saa ya ukutani. Sijui nani aliichagua zawadi hiyo. Mtu amekimbizana na saa maisha yake yote, siku anayoachana nayo mnamfungia nyingine ndani ya karatasi ya maua. Nimeitundika jikoni bila betri, na itabaki hivyo hivyo. Pamoja na saa mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya uuguzi, hasa kile chumba cha wagonjwa mahututi, na hilo nalifanya kwa moyo mmoja. Vyeo sitavitaja. Mnavijua, na vyote vilichelewa.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa Konde, kaskazini ya kisiwa chetu, niliyetoka chuoni na viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Siku ya kwanza nilipangiwa wodi ya wanaume, chini ya Bi Riziki, muuguzi mkuu, mwanamke mfupi aliyetembea kimya kiasi cha kuwashtua hata paka wa jikoni. Alinipeleka kwa mzee mmoja asiye na fahamu, malaria imempanda kichwani, akaniambia nimgeuze ubavu. Nikamshika bega nikamgeuza. Bi Riziki akanishika mkono akanirudisha mpaka mlangoni.

"Umeingia kwa mtu bila hodi?"

"Hasikii, Bi Riziki."

"Nani kakwambia hasikii? Weye umo ndani ya masikio yake?"

Basi nikapiga hodi, nikamwamkia mzee, nikajitaja jina, nikamwomba radhi kwamba nataka kumgeuza. Nilijiona punguani. Mzee yule alizinduka kwa uwezo wa Mungu, na hodi yangu hakuikumbuka hata kidogo. Alichokumbuka ni kwamba kuna mtu alimkata kucha akamkata na nyama. Ni kweli alikatwa, na aliyemkata alikuwa msaidizi wetu mmoja ambaye siku ile alijificha stoo mpaka zamu yake ikaisha. Tokea hapo sikuamini tena kuwa mtu aliyefumba macho hayupo.

Vifaa vyetu enzi hizo vilikuwa kipimo cha homa, mashine ya presha ya kupampu kwa mkono, na mtungi wa oksijeni uliokuja kwa meli kupitia bandari ya Mkoani, kwa hiyo meli ikiharibika tulikuwa tunapumua kwa hesabu. Tochi ya kumulikia mboni nilijinunulia mwenyewe, kwa sababu ile ya hospitali ilikuwa haitoki mkononi mwa mlinzi.

Chumba cha mahututi kilipofunguliwa kilikuwa bado kinanuka mashuka, maana kabla ya hapo kilikuwa stoo ya mashuka. Vikaletwa vitanda vya kuinuka kichwani, mashine za kupumulia, na vile vioo vinavyochora mapigo ya moyo na kupiga kelele ukikohoa tu jirani yake. Tulijifunza haraka. Moyo tuliulinda, mapafu tuliyalinda, mkojo tuliupima kama maziwa ya kuuza. Ubongo ndio tuliousahau. Mgonjwa aliyetolewa mpira wa kupumulia akaanza kuweweseka, akichuma vitu hewani na kuita watu waliokwisha kufa, tulisema ni homa. Aliyelala kimya siku kutwa akitazama dari tulimsifu: mgonjwa mtulivu huyu, hana taabu.

Aliyetuamsha ni Daktari Emanueli, kijana wa bara, mrefu, aliyefika kisiwani hajui kula pweza na akaondoka hajui kula kitu kingine. Alisema ubongo ni kiungo kama figo, nao huugua mwili unapougua, na tusipouangalia hatutajua. Yule anayeweweseka kwa kelele tunamwona, alisema, lakini yule mtulivu tunayemsifu mara nyingi ndiye aliye mbali zaidi, na kadiri anavyokaa huko ndivyo njia ya kurudi inavyozidi kuwa ndefu. Akatufundisha kumuuliza kila mgonjwa, kila zamu. Uko wapi? Leo siku gani? Nibane mkono. Je, jiwe huelea majini? Hilo la mwisho lilituletea balaa. Mvuvi mmoja wa Makangale, mzima wa akili kabisa, alinitazama kwa huruma akasema, "Sista, miye navua tangu sijavaa suruali, leo waniuliza jiwe?" Nikaandika kwamba ubongo wake uko sawa, wangu ndio una mashaka.

Sitawadanganya kwamba kuuliza maswali kulimponya kila mtu. Wako tuliowauliza kila siku wakazidi kwenda. Lakini wengine walichukuliwa na jamaa zao sisi tukiwa bado tunapigana, na hao ndio wanaoniuma. Mnazijua desturi zetu. Mtu anataka kufia kwake, mikononi mwa watu wake, aoshwe na jamaa zake na azikwe kabla jua halijamkuta mara ya pili. Mimi mwenyewe nataka hivyo hivyo. Taabu ni kwamba jamaa wakimwona mgonjwa anazungumza na marehemu mama yake, wao hawaoni ubongo unaougua. Wanaona mtu anayepokelewa. Wanatandika godoro kwenye gari wanakuja kumchukua, na wengine nilizisikia habari za msiba wao kabla shuka walilolalia halijakauka kwenye kamba.

Ndiyo maana nataka kuwasimulia habari ya Faki.

Faki alikuwa dereva wa gari la abiria la Konde, wa makamo, mnene, mtu wa maneno mengi. Aliletwa na nimonia iliyomkamata mapafu yote mawili. Tukamweka kwenye mashine ya kupumulia, na baada ya muda wa wasiwasi mkubwa mapafu yakaanza kukubali. Mpira ukatolewa, tukambakishia oksijeni ya puani. Tukamngoja yule Faki wa maneno mengi. Hakuja. Alifumbua macho akatazama dari. Mara akawa anang'oa dripu na mipira ya puani, hata ikabidi tumfunge viganja kwa bandeji pande mbili za kitanda, jambo ambalo daktari alilichukia na mimi nililichukia. Mara akanyamaza, jasho likimtoka, akitetemeka midomo bila sauti.

Mkewe, Bi Mkasi, alikuja kila siku na kibakuli cha uji ambacho alirudi nacho kimejaa. Kakaye mkubwa, Mzee Hamad, mkulima wa Makangale mwenye heshima zake, alikaa upande wa kichwani akamsomea sikioni Yasini, sura ya kumsomea anayekata roho, kwa sauti nzuri, machozi yakimtiririka ndevuni. Mzee Hamad hakuwa mtu mbaya, hilo naomba mlishike. Alikuwa mtu anayemuaga mdogo wake.

Asubuhi moja alinisubiri mlangoni.

"Sista, mtupe ntu wetu."

Nikamwita daktari. Daktari akamweleza pole pole kwamba mapafu yanarudi, kwamba sumu ya ugonjwa imefika kwenye ubongo, kwamba si kichaa na si shetani, na kwamba hali hii ikiendelea huua. Lakini akitolewa kwenye oksijeni leo, hafiki Konde.

"Daktari, wasema mwenyewe huua," akasema Mzee Hamad. "Basi bora imuulie kwao. Hebu muulize mbele yangu mie. Akijua alipo, namwacha."

Tukaingia wote. Mlango ukafungwa, mapazia meupe yakavutwa. Tukamwinua Faki kwa mto na kitanda mpaka akakaa kitako. Daktari akasimama kuliani na koti lake jeupe, mimi kushotoni na sare yangu nyeupe. Daktari akainama akauliza kwa sauti ya juu:

"Bwana Faki! Unanisikia? Niambie, uko wapi?"

Nikainama na mimi. "Faki! Jibu! Wewe ni nani? Uko wapi?"

Macho yake yalitutazama kwa zamu, kulia, kushoto, yamemtoka kwa hofu ambayo sijaiona kwa mgonjwa mwingine. Kidole chake cha shahada kikainuka ndani ya bandeji. Na kwa mara ya kwanza tangu mpira utolewe, Faki akasema, kwa sauti ya kukwaruza lakini safi:

"Mola wangu ni Allah. Mtume wangu ni Muhammad. Dini yangu ni Uislamu."

Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mwanafunzi aliyekabidhi karatasi ya mtihani.

Mzee Hamad akaanguka kwenye kiti. "Keshaulizwa huyo," alisema. "Inna lillahi. Keshaulizwa."

Daktari akanitazama. Hakuelewa, na angeelewaje? Hakuwahi kusimama juu ya kaburi letu akasikia talakini, yale maneno anayosomewa maiti watu wakiwa bado wamesimama: kwamba malaika wawili watakujia, Munkari na Nakiri, watakukalisha kitako, watakuuliza nani Mola wako, nani mtume wako, ipi dini yako, basi usibabaike. Nikayatazama mapazia yale meupe, na shuka jeupe lililomfunika Faki mpaka kidevuni, na viganja vilivyozungushwa bandeji, na mipira iliyomjaa puani kama pamba. Nikavuta pumzi nikasikia kitu ambacho kwa siku zote zile pua yangu ilikizoea. Karafuu maiti.

"Bi Mkasi," nikauliza, "mumeo mmempaka nini?"

"Ile dawa ya kifua, Sista. Ya kopo. Mwenyewe huipenda akiwa na mafua."

Ile ya kopo imetengenezwa kwa karafuu maiti hiyo hiyo tunayowatilia wafu baada ya kuwaosha. Basi mtu amelala chali, kavikwa nyeupe, ananukia karafuu maiti, anasikia Yasini kwa sauti ya kakaye anayelia, kisha wanakuja wawili weupe wanamkalisha na kumkemea ajibu. Kwa ushahidi ule hata mimi ningekata shauri kwamba nimekufa.

"Mzee Hamad," nikasema, "huyu hakufa. Huyu anadhani kafa."

"Na tofauti ni ipi, Sista?"

"Tofauti ni kwamba kajibu sawasawa. Ila maswali siyo hayo tuliyomuuliza."

Nikamfasiria daktari. Hakucheka. Alimtazama Faki, akajitazama mwenyewe, akafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akalivua na kulisukumiza chini ya kitanda. "Mzee wangu," akamwambia Mzee Hamad, "ubongo uliokufa haujibu. Huu umepotea njia, lakini unafanya kazi. Nipe nafasi nimtafute."

Mzee Hamad alisema mtu aliyejiona kaburini keshaonyeshwa pake. Tulibishana kwa adabu, jambo ambalo huchosha kuliko ugomvi. Mwishowe Bi Mkasi, ambaye hajapata kumjibu shemejiye mbele za watu, aliinua uso. "Kaka Hamad, mie mume wangu simpeleki kuzikwa na pumzi zake. Tungoje." Mzee Hamad akatoa neno lake: mpaka Ijumaa baada ya sala. Wakija wakamkuta hajijui, wanakwenda naye, na mtu asiwazuie mlangoni.

Tukaanza kazi, na kazi yenyewe haikuwa na dawa nyingi. Daktari alipunguza zile za usingizi. Kitanda kikasogezwa dirishani, mahali panapoonekana ua na kuku wa mpishi. Tukamwosha kifua kwa sabuni mpaka harufu ikaisha. Shuka jeupe likaondoka, Bi Mkasi akaleta kanga zake, ile nyekundu na ile ya manjano. Bandeji za mikononi tukazifungua, kwa sharti kwamba awepo mtu wa kumshika mkono kila wakati. Juu ya Yasini, Mzee Hamad aliniuliza kwa ukali kama namkataza Qur'ani.

"Hasha," nikamwambia. "Msomeeni msikitini, msomeeni nyumbani, nami namsomea. Ila si sikioni mwake kama anayetoka. Hapa tuseme naye mambo ya walio hai."

Mambo ya walio hai Bi Mkasi aliyajua vizuri. Alikaa kitandani akamsuta mumewe tangu asubuhi. Mbuzi kafungua kamba kala mihogo ya jirani. Bati la jikoni limepeperuka. Shemeji fulani kaazima pampu ya baiskeli hajairudisha, na mtu aliyemkubalia ni weye Faki, sasa amka ukaidai. Nilikuwa nabadilisha dripu ya kitanda cha pili nilipoona macho ya Faki yanatoka kwenye dari, yanashuka pole pole mpaka usoni pa mkewe.

"Mkasi," akasema. "Na weye ushakufa?"

"Nife miye, yule mbuzi nani amfunge?"

Nilikwenda stoo nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu mtu anayeuliza swali keshaanza kuwa na shaka.

Lakini maradhi haya hayaendi kwa mstari, na hilo mlijue kabla hamjapiga vigelegele. Alhamisi Faki alilala. Hakuuliza, hakujibu, hakubana mkono. Bi Mkasi alimsuta mpaka sauti ikamkauka. Daktari alimpima homa, akampima damu, akarudi tena na tena kumtazama, na aliposema "tusubiri" sikuyapenda macho yake. Nilirudi nyumbani nikamlilia Mungu kama mtoto. Niliogopa. Niliona nimemfanya Bi Mkasi atumaini kitu, na kesho nitamfungulia mlango atoke nacho kwenye godoro.

Ijumaa baada ya sala walikuja. Walikuja na gari lenyewe la Faki, likiendeshwa na dereva mwenzake, limejaa watu wa Konde na Makangale na kanzu zao za msikitini, na katikati godoro na shuka jipya. Mzee Hamad akaingia peke yake. Hakunitazama.

Daktari alikuwa amevaa shati la mistari. Alikaa kwenye kigoda, si kusimama, akamshika Faki mkono.

"Bwana Faki. Uko wapi?"

Faki alikuwa amefumbua macho, lakini hakusema kitu. Kuku wakapita chini ya dirisha. Daktari akarudia swali. Mzee Hamad akafunga macho, na niliona midomo yake inacheza. Bi Mkasi aliishika kanga ya kitandani kwa mikono miwili.

Ndipo yule dereva mwenzake, huko nje, alipotaka kugeuza gari uani kulileta karibu na mlango. Akatia gia. Gia ikalia ule mlio wa chuma kusagana unaoumiza meno.

Faki akakunja uso.

"Nani yuko kwenye gari yangu?"

Akajaribu kuinua kichwa. "Hiyo klachi haikanyagwi hivyo! Mkasi, nani kampa ufunguo?"

"Bwana Faki," daktari akasema, "uko wapi?"

Faki akamgeukia, akamwangalia shati, akamwangalia uso, kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi wakati ana haraka. "Sipitali. Kwani weye hujui?" Akamkodolea macho tena. "N'weye yule ulokuja siku ile na koti? N'likushangaa. Nikasema, malaika gani huyu asema kama ntu wa bara?"

Daktari Emanueli alicheka kwanza, halafu akageukia ukutani akawa anajifuta uso kwa mkono wa shati. Bi Mkasi hakucheka wala hakulia. Alichukua kibakuli cha uji akajaza kijiko, akakipeleka kinywani mwa mumewe, naye akakipokea akalalamika kwamba hakina sukari. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijapata kusikia lalamiko tamu kama lile. Nilihisi kama nami nimetolewa mpira kooni.

Mzee Hamad alitoka hadi kwenye korido, akaegemea ukuta. Nikamfuata kwa sababu niliogopa ataanguka.

"Sista, tulikuja tumchukue."

"Mlikuja mmpeleke nyumbani, Mzee Hamad."

"Tulikuja tumzike," akasema. "Kaburi lishachimbwa."

Nilimshika mkono, mkono mgumu wa jembe, tukasimama hivyo mpaka akaweza kutembea. Kisha akaenda uani kwa watu wake. Kupitia dirishani nilimwona anasema nao, kilemba mkononi, nikaona wanamtazama bila kuelewa. Halafu ikapigwa takbiri ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani, na wote, kanzu na kofia, wakakimbilia mlango wa chumba changu kwa pamoja.

Nikauziba mlango kwa mikono miwili. Nikawaambia hiki ni chumba cha mahututi si kituo cha magari, mgonjwa bado dhaifu, wavue viatu, wanawe mikono, waingie wawili wawili. Machozi yalikuwa yananitiririka na nilikuwa nawakemea. Nao wale watu waliokuja na shuka la maziko wakajipanga foleni ukutani, kimya, viatu mkononi, kila mmoja akingoja zamu yake ya kumwamkia Faki.